Kuchuja Barua Taka Bila Kuyatupa Majibu ya Mgonjwa

Kata ya Mkange iko kaskazini ya Mto Wami, katika Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, magharibi ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Njia itokayo Makurunge kuelekea Pangani na Tanga hupita upande huo, na kwa miaka mingi msafiri wa njia hiyo alitegemea rehema ya hali ya hewa: kiangazi vumbi, masika matope. Sampuli ya damu inayotoka kijijini kwenda maabara kubwa haina budi kusafiri kwa chombo cha magurudumu. Majibu yake hayalazimiki kurudi hivyo. Yanaweza kuuvuka Mto Wami kwa barua pepe, katika muda usiotosha kuchemsha chai.

Chukua mfano wa mtoto mchanga wa wiki sita, aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Matone ya damu yamechukuliwa kisiginoni mwake, yamekaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Kazi ikikamilika, mtaalamu wa maabara anaandika barua fupi, anaipa kichwa cha herufi kubwa, HARAKA: MAJIBU, anaambatisha jedwali na kuituma. Kompyuta inayoipokea huona mambo matatu: herufi kubwa, neno la kuharakisha, na kiambatisho kutoka kwa anwani isiyoizoea. Hizo ndizo dalili za barua ya tapeli. Barua inatupwa katika folda ya taka, nayo ni folda ambayo hakuna mtu ofisini aliyepewa kazi ya kuifungua.

Mtoto aliyeambukizwa asipopata dawa hana muda wa kusubiri. Bila matibabu, karibu theluthi moja ya watoto wa namna hiyo hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu kabla ya kutimiza miaka miwili. Mfano uliotolewa si habari ya kituo fulani, bali unaonyesha kwa nini suala linalodhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao linapaswa kujadiliwa pia na mganga mfawidhi, muuguzi, mtu wa maabara na karani wa masijala. Kuweka kichujio cha barua taka katika mtandao wa ofisi ya afya ni uamuzi wa kitabibu kwa kiasi kikubwa kuliko inavyofikiriwa.

Taka ilivyoingia

Barua ya kwanza inayotajwa kuwa taka ilitumwa Mei 1978 nchini Marekani, pale mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC alipotangaza bidhaa zake kwa mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET kwa mkupuo mmoja. Walikasirika, naye aliuza. Tangu hapo hesabu haijabadilika: kutuma barua milioni moja hakugharimu sana, na mjinga mmoja akipatikana, faida imepatikana.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, inafaa kukumbuka kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kunufaika na barua pepe walikuwa wahudumu wa afya. Bernard Lown, daktari bingwa wa moyo aliyebuni mashine ya kuushtua moyo kwa mkondo mnyoofu wa umeme mwaka 1962, alianzisha shirika la SatelLife, na mtandao wake wa HealthNet uliwafikia madaktari wa Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1990, kwa setilaiti ndogo na laini za simu. Wakati huo kila herufi ilikuwa na bei. Daktari alichagua maneno kama mtu anayetuma telegramu. Laiti tangazo la kupunguza unene lingepita katika mtandao ule, lingeonekana kuwa wizi wa dhahiri. Leo nyaya za baharini zimefika Dar es Salaam, wa kwanza ukiwa SEACOM mwaka 2009, na bei ya kutuma barua imeshuka kwa kila mtu, tapeli akiwemo.

Kichujio ni kipimo

Mhudumu wa afya ana faida moja ambayo mafundi wengi hawana: anajua maana ya kipimo. Kichujio cha barua taka ni uchunguzi wa awali, sawa na kipimo cha haraka kinachofanyika kwa tone la damu. Kina uwezo fulani wa kumkamata mwenye ugonjwa, na uwezo mwingine, ulio tofauti kabisa, wa kumwachia aliye mzima. Anayesifu kichujio kwa kutaja taka kinazokamata tu amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni barua njema ngapi kimezishika pamoja nazo.

Hesabu ifuatayo ni ya kubuni, lakini ni nyepesi na inafaa kufanywa mezani. Anwani ya jumla ya ofisi, iliyobandikwa kwenye tovuti na mabango, inapokea barua 1,000, na 800 kati yake ni taka. Kichujio kinakamata taka 98 katika kila 100, na kinakosea barua njema 1 katika kila 100. Taka 784 zitashikwa na 16 zitapenya; katika barua njema 200, mbili zitashikwa kwa makosa. Kapu la taka litakuwa na barua 786, na mbili tu ndizo zisizostahili kuwemo. Mtu ataridhika.

Sasa kichujio kilekile kiwekwe mbele ya anwani ya maabara, ambayo haijatangazwa popote. Katika barua zake 1,000, taka ni 50. Kichujio kitashika 49. Lakini kutoka kwenye zile njema 950 kitashika pia 9 au 10. Kapu litakuwa na barua zipatazo 59, na karibu moja katika kila sita itakuwa njema, pengine ni majibu, pengine ni taarifa ya dawa iliyoondolewa sokoni. Programu ni ileile na mipangilio haikuguswa. Kilichobadilika ni ukubwa wa tatizo katika kundi linalopimwa. Ndivyo ilivyo pia kwa VVU: pale maambukizi yanapokuwa machache, majibu chanya ya kipimo cha kwanza huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya uongo, na ndiyo maana mteja hapewi majibu chanya kabla ya kuthibitishwa kwa kipimo kingine.

Kutokana na hesabu hiyo linafuata sharti moja ambalo ofisi ya afya isilegeze: kichujio kisipewe ruhusa ya kufuta barua kwa sababu ya maudhui yake. Kiitie alama, kiiweke karantini, na mtu ndiye aamue. Taka inayopenya inamkera mhudumu kwa sekunde chache. Barua njema inayofutwa haitambuliki kabisa, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba iliwahi kuwepo.

Programu huria zinavyofanya kazi

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote akaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyatumia bila kulipia leseni. Sekta ya afya ya ukanda huu imezizoea kuliko inavyojijua. DHIS2, inayopokea takwimu za vituo vya Tanzania, ni programu huria iliyokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, imetumika kwa miaka mingi Eldoret, Kenya. Kwa barua pepe, majina yanayokutwa mara nyingi ni Postfix, SpamAssassin, Rspamd na ClamAV. Kazi zake zinaeleweka vyema zikifananishwa na safari ya mgonjwa kutoka getini hadi chumba cha daktari.

Getini yuko Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998. Hii hupokea barua kutoka nje na kuamua kama mletaji aingie. Hapo getini ndipo sehemu kubwa ya taka hukomea, kabla hata barua haijasomwa. Postfix huuliza orodha za anwani zenye sifa mbaya, kama zile zinazotunzwa na Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998. Ipo mitego hapa. Spamhaus hukataa maswali ya bure yanayopitia mitambo ya umma ya kutafsiri majina, kama ile ya Google inayotumiwa na mafundi wengi kwa mazoea. Fundi asipoweka mtambo wake mdogo, kwa mfano Unbound, ataamini kwamba ana mlinzi getini kumbe kiti ni kitupu.

Mbinu nyingine ya getini ni kumwambia mletaji asiyejulikana arudi baadaye. Seva halali ya barua ina subira na itajaribu tena. Mashine nyingi za kutapanya taka hazina muda huo. Mbinu hii ni nafuu na ina nguvu, ila huchelewesha barua ya kwanza kutoka kwa kila mgeni. Maabara na hospitali ya rufaa zisamehewe utaratibu huo tangu siku ya kwanza.

Aliyepita getini hupelekwa kwa SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001 na ambayo sasa iko chini ya Apache. Programu hii haiangalii dalili moja. Ina mamia ya dalili, kila moja na alama zake. Nyingine huongeza, nyingine hupunguza. Jumla ikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka, isipokuwa msimamizi amebadili kiwango hicho. Jambo la thamani zaidi ni kwamba programu hubandika juu ya barua orodha ya dalili ilizoziona na alama za kila moja, kama cheti cha maabara. Mtu akiuliza kwa nini barua fulani ilishikwa, jibu lipo na limeandikwa. Huo ndio ubora wa programu huria kwa ofisi ya afya, na si bei yake tu: kanuni inayokosea inaweza kuonekana, kusomwa na kurekebishwa.

Na kanuni hukosea. Tarehe 1 Januari 2010 watumiaji wa SpamAssassin duniani waliamka na kukuta barua zao njema zikiongezewa alama za taka. Miaka ya nyuma mtu alikuwa ameandika kanuni kwamba barua yenye tarehe ya mwaka 2010 au zaidi ni ya wakati ujao wa mbali, hivyo ni ya kutiliwa shaka. Wakati ujao ukafika. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini ofisi isiyo na mtu wa kusasisha programu ingeendelea kuziadhibu barua zake bila kujua.

Dawa katika orodha ya washukiwa

Kwa mhudumu wa afya ipo kasoro ya karibu zaidi. Tangu zamani watapanya taka wamependa kuuza dawa: za nguvu za kiume, za usingizi, za wasiwasi, za maumivu, za kupunguza unene. Kwa hiyo SpamAssassin imekuja na kundi zima la kanuni zinazotafuta majina ya dawa hizo. Kwa ofisi ya bima ya magari kanuni hizo hazina ubaya. Kwa hospitali ni balaa la kujitakia. Sildenafil hutumika pia kutibu shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu. Diazepam humkoa mtoto kwenye degedege. Mfamasia anayeandika kuomba dawa hizi kutoka bohari anaandika, kwa macho ya kichujio, kama mchuuzi wa taka. Kabla kichujio hakijaanza kazi, mfamasia na fundi wakae pamoja, wazipitie kanuni za dawa moja baada ya nyingine na kuziwekea alama ndogo au sifuri. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na haifanyiki bila mfamasia.

Wengine hupendelea njia ya mkato ya kuandika orodha ya watumaji wanaoaminiwa, ili barua zao zipite bila kupimwa. Njia hiyo ina hatari, maana jina la mtumaji juu ya barua pepe ni rahisi kughushi kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha. Orodha ya wanaoaminiwa ifungwe kwenye uthibitisho: SPF, inayotaja seva zenye haki ya kutuma kwa jina la taasisi, na DKIM, ambayo ni mhuri wa kielektroniki juu ya barua yenyewe. Barua inayodai kutoka maabara lakini haina mhuri wa maabara haina sababu ya kuaminiwa. Ofisi nayo iweke mhuri wake kwenye barua inazotuma. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimezidisha ukali kwa watumaji wasiojithibitisha, hasa wanaotuma kwa wingi.

Kiswahili ambacho mashine haijakisoma

Sehemu ya kichujio inayojifunza imejengwa juu ya kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kanuni hiyohiyo hufundishwa kwa wanafunzi wa udaktari ili wajue uzito wa majibu ya kipimo. Agosti 2002 mtaalamu wa kompyuta Paul Graham aliandika makala iliyoieneza katika kazi ya kuchuja barua: mashine ionyeshwe rundo la taka na rundo la barua njema, ihesabu kila neno limetokea upande gani, kisha ikadirie barua mpya iko upande upi.

Inapowekwa kwa mara ya kwanza, sehemu hii haijui lolote. SpamAssassin husubiri mpaka ionyeshwe angalau taka 200 na barua njema 200 ndipo ianze kutoa maoni. Mafunzo hayo hayaagizwi kutoka nje. Taka za Kiswahili zina sura yake: mganga anayerudisha mpenzi aliyeondoka, mwaliko wa kujiunga na freemason ili utajirike, mkopo wa papo kwa papo usio na dhamana. Hakuna mashine ya ng'ambo iliyosoma hayo ya kutosha.

Lugha yenyewe inaongeza kazi. Mashine hutenganisha maneno kwa nafasi iliyopo kati yake. Mwingereza akiandika neno la kutuma, umbo lake hubadilika kidogo sana. Kwa Kiswahili, nitumie, utume, tumeni, nimekutumia na imetumwa ni maneno matano yasiyojuana, ingawa kila mtoto wa shule anaona mzizi mmoja. Kwa hiyo kichujio cha barua za Kiswahili kinahitaji mifano mingi zaidi kabla hakijatulia, na mia mbili ni mwanzo tu. Kipo pia kipengele kinachotambua lugha ya barua na kuziongezea alama barua za lugha ambazo msimamizi hakuzitaja. Fundi anayenakili mipangilio kutoka kitabu cha Ulaya na kuruhusu Kiingereza peke yake atakuwa ameifanya lugha ya taifa kuwa dalili ya ugonjwa.

Mafunzo yafanywe na mtu anayezijua barua za ofisi, naye mara nyingi ni karani wa masijala kuliko fundi. Barua za kufundishia zisiwe na majina ya wagonjwa pale inapowezekana. Ifahamike kwamba SpamAssassin haihifadhi barua inayofundishwa. Hutunza hesabu za maneno yaliyogeuzwa kuwa tarakimu zisizosomeka. Karantini ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake barua zimo nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayekagua karantini aone mtumaji na kichwa cha habari, na asifungue barua ya mwenzake bila sababu. Maabara nayo iandike namba ya sampuli katika kichwa cha barua, si jina la mama.

Mtambo uwekwe wapi

Je, kituo kilichoko Mkange kinunue kompyuta na kuweka yote haya chumba cha nyuma, karibu na jokofu la chanjo? Hapana. Vituo vya umma vina Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, na mawasiliano rasmi hupaswa kupita huko. Zahanati yenye kompyuta mbili na anwani za kampuni kubwa za barua tayari imechujiwa. Kilichobaki kwake ni kufungua folda ya taka kila siku. Kazi iliyoelezwa hapa inazihusu taasisi zenye jina lao la mtandao na seva yao: hospitali ya shirika la dini, chuo cha uuguzi, mradi wa utafiti, ofisi inayosimamia vituo kadhaa vya vijijini.

Hata kwa hizo, mtambo usiwe kijijini. Intaneti ya modemu ya simu hutumia anwani zinazogawanywa kwa watu wengi, na orodha za dunia hukataa barua zinazotumwa moja kwa moja kutoka anwani hizo. Tena, taka ikichujwa baada ya kufika Mkange, imekwisha kula bando. Seva iwe makao makuu au ikodiwe mahali penye umeme na laini ya kudumu, ili kijijini zifike barua zilizopimwa tu. Haihitaji mashine kubwa, ingawa ClamAV, inayokagua virusi vya kompyuta katika viambatisho, peke yake hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 3 hivi. Asiyetaka kuunganisha vipande kimoja kimoja anaweza kutumia Proxmox Mail Gateway, nayo pia ni programu huria, iliyokusanya vipande hivyo pamoja na ukurasa wa kukagulia karantini. Umeme ukikatika Ijumaa jioni barua hazipotei papo hapo: kwa kawaida seva inayotuma huendelea kujaribu kwa siku nne au tano.

Bure ya programu huria isimdanganye mtu. Leseni hailipiwi, lakini mtu wa kuitunza hulipwa, na asipokuwepo ni afadhali ofisi ilipie huduma iliyo tayari. Seva iliyotelekezwa ni mbaya kuliko kukosa seva.

Barua moja iliyofunguliwa

Hakuna kichujio kinachokamata kila kitu. Tarehe 18 Machi 2021 mtumishi mmoja wa huduma ya afya ya taifa ya Ireland alifungua jedwali la Excel lililoambatishwa kwenye barua ya ulaghai. Wahalifu walikaa ndani ya mtandao kimya kwa wiki nane. Tarehe 14 Mei walifunga kompyuta na kudai fidia, na huduma ile ikalazimika kuzima mifumo yake nchi nzima. Miadi iliahirishwa, mionzi ya wagonjwa wa saratani ilivurugika, wahudumu walirudi kwenye kalamu na karatasi, na urejeshaji wa mifumo ulichukua miezi. Ripoti zilizofuata hazikuishia kumlaumu aliyebonyeza. Mtumishi aliyefungua barua mbaya na kutoa taarifa dakika ileile ameiokoa ofisi. Anayeogopa kukaripiwa atanyamaza, na wiki nane zitapita.

Mgonjwa naye yumo katika habari hii, ingawa kwake taka huja zaidi kwa simu. Kichujio cha ofisi hakifiki huko. Mzazi hupigiwa na mtu anayejifanya mwalimu au daktari, akaambiwa mwanawe ameanguka shuleni na fedha za matibabu zinatakiwa sasa hivi. Kwanza akate simu, kisha apige namba ya shule au ya hospitali anayoijua mwenyewe. Namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu kuwa kosa kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda uhalifu, lakini tapeli asiyeripotiwa hafikiwi na sheria.

Na mama wa yule mtoto wa wiki sita ana swali moja la kuuliza siku damu inapochukuliwa: majibu yanatarajiwa lini? Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake na kwenye rejesta ya sampuli. Ikipita bila barua, muuguzi asiishie kusema kwamba majibu hayajaja. Amwite karani, wafungue karantini wote wawili, watafute namba ya sampuli. Wasipoiona, wapige simu maabara kabla mama hajaondoka kituoni.